F iko wapi kwenye "draughts"? Tulifungue hili fundo la herufi o-u-g-h

Kijiweni kwetu chini ya mwembe kuna ubao wa drafti wenye umri mkubwa kuliko vijana wengi wanaouchezea, kete ni vizibo vya soda, wa upande huu wanavilaza chali na wa upande ule kifudifudi, na wiki mbili zilizopita jamaa mmoja alikuja na tangazo la mashindano limeprintiwa vizuri kabisa, juu herufi kubwa nyekundu: DRAUGHTS COMPETITION. Mchezo ukasimama hapo hapo. Mmoja akasoma "droghts". Mwingine akasema "drauts". Fundi pikipiki akasema hapana, hilo neno analijua, ni ukame, walifundishwa kwenye jiografia. Aliyeleta tangazo akawaambia jamani hiyo ni drafti, ni hii hii drafti mnayocheza. Hakuna aliyemwamini. Mzee mmoja akavaa miwani, akapita na kidole herufi moja moja, alafu akauliza: "Sasa mwanangu, F iko wapi hapa?"

Swali la yule mzee ndo limenikalisha chini kuandika haya, maana ni swali zuri sana, na ukilifuata mpaka mwisho unaelewa kitu kikubwa kuhusu Kiingereza chote, sio hilo neno tu.

Na sio kijiweni tu. Kila baada ya muda inazuka klipu mtandaoni, kiongozi au mchezaji au binti wa mashindano ya urembo amekosea kusoma neno la Kiingereza, komenti zinajaa, watu wanacheka siku tatu. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la sita nilisimamishwa kusoma hadithi mbele ya darasa nikafika kwenye neno "cough" nikasoma "kogh", nikalitamka vizuri kabisa kama tunavyotamka ghala, na darasa zima likaangua kicheko pamoja na mwalimu. Nilikaa miaka nikiamini kwamba nina shida kichwani. Shida haikuwa kichwani kwangu. Nilisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa hakifanani na kinachotamkwa kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuniambia.

Tuanze na vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna herufi na kuna sauti. Sauti ndo kinachotoka mdomoni, herufi ni alama tu tuliyokubaliana iwakilishe hiyo sauti, na speling ni makubaliano ya kupanga hizo alama. Lugha inaanza mdomoni, karatasi inakuja baadaye sana. Sasa fikiria kabati la jikoni kwa mama. Kuna kopo limeandikwa kahawa, ukifungua ndani mna iliki. La maziwa ya unga ndani mna chumvi. La biskuti lina sindano na nyuzi. Mama hapotei hata gizani kwa sababu yeye ndo aliyebadilisha vya ndani, lakini mgeni akisoma lebo anatia chumvi kwenye chai. Kiswahili jikoni kwake lebo na vitu bado vinalingana karibu kote, Kiingereza makopo ni ya zamani mno, ndani vimeshabadilishwa mara nyingi na lebo hazijaguswa.

Angalia hizo herufi nne, o-u-g-h, zinavyosomwa. "Though" ni dhou. "Through" ni thruu. "Tough" ni taf. "Cough" ni kof. "Bough", yaani tawi la mti, ni bau. "Thought" ni thoot. "Thorough" kwa Waingereza ni thara. Alafu kuna "hiccough", kwikwi, ambayo ni hikap, na "lough", ziwa kwa watu wa Ireland, ambayo ni lokh. Herufi nne zile zile, sauti tisa. Na kwa kuwa tupo hapo, ona pia jinsi Kiswahili kilivyo makini kuliko wao kwenye jambo dogo, sisi dhahabu tunaiandika kwa dh na thamani kwa th, wao "though" na "through" zote wanaweka th na kukuachia ubahatishe mwenyewe.

Ile gh ilitoka wapi? Hapa ndo penyewe.

Zamani, miaka elfu moja iliyopita, Kiingereza kilikuwa na sauti ambayo leo Waingereza wengi hawawezi kuitamka hata ukiwalipa, lakini sisi tunayo. Ni ile kh ya mwisho wa sheikh, ile ya mwanzo wa Khamis akiitwa na mtu wa Unguja. Neno "night" lilitamkwa nikht, kwa kh kabisa, koo linakwaruza. "Daughter" ilikuwa na kh katikati. "Thought" iliandikwa kwa h na kusomwa thokht. "Through" ilikuwa thurkh. Hata "knight", yule askari wa farasi, k yake ilisikika na kh yake ilisikika, ndo maana mtu wa kale hakuweza kuichanganya na "night", leo zinasikika sawa sawa.

Ushahidi upo hai kwa majirani. Kijerumani ni ndugu wa damu wa Kiingereza na hiyo sauti hakuitupa, usiku kwao ni Nacht, binti ni Tochter, kucheka ni lachen, na "through" yao ni durch. Uskochi nako bado wapo, ziwa wanaliita "loch" na wanalitamka kwa kh. Kwa hiyo ukikutana na gh kwenye neno la Kiingereza, mara nyingi sana hapo palikuwa na kh, ni kaburi lenye jina la marehemu juu yake.

Lakini kwanini waliandika gh na sio kitu kingine? Mwaka 1066 Wanormani kutoka upande wa Ufaransa waliiteka Uingereza, na baada ya hapo uandishi mkubwa wa serikali na kanisa ukaingia mikononi mwa makarani waliofunzwa kwa Kilatini na Kifaransa. Kabla yao Waingereza waliandika hiyo sauti kwa h, na kwa muda kukawa na herufi nyingine kabisa, inafanana na namba 3 yenye mkia, inaitwa yogh. Makarani polepole wakaiacha ile herufi ngeni kwao na wakaanza kuunganisha g na h. Kwa wakati ule ilikuwa sahihi tu, walikuwa na sauti ya koo na wakaitafutia alama. Tena kila mtu aliandika anavyosikia kwake, neno "through" peke yake kwenye maandishi ya mkono ya enzi zile lina mamia ya speling tofauti.

Sasa kabla hatujawacheka, tujiangalie na sisi, maana kilichowapata kimetupata. Habari imetoka kwenye Kiarabu, kule inaanza na kh. Hatari, kh. Hasara, kh. Hema, kh. Heri, kh, ndo maana kuna wazee na vitabu vya zamani utakuta wameandika kheri na khabari na hawajakosea. Midomo ya Waswahili wengi ilizoea kuilainisha kh ikawa h, na tulipopanga maandishi yetu kwa herufi za Kilatini tukafuata mdomo, tukaandika habari kama tunavyoisema. Kilichotusaidia ni umri. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na hii speling sanifu ya Kilatini tunayoitumia ni ya juzi tu, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na ile kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kwa hiyo lebo zetu zimebandikwa majuzi, kh ilikuwa imeshahama. Kama tungebandika miaka 500 nyuma na tukakataa kuzigusa, leo watoto wetu wangekuwa wanaandika khabari, khatari, khasara, khema, na walimu wangekuwa wanawaambia kariri hivyo hivyo usiulize.

Turudi kwa Waingereza. Ile kh yao ilianza kufa kidogo kidogo, na kati ya miaka ya 1400 na 1600 hivi ikamalizika sehemu nyingi za Uingereza ya kusini. Na ilikufa kwa njia mbili, hili ndo jibu la mzee wa drafti.

Njia ya kwanza ilinyamaza tu. Nikht ikawa niit, irabu ikavutwa kuziba pengo. Hiyo ndo "night", "light", "daughter", "though", "through" na nyingine nyingi.

Njia ya pili ikageuka f. Watu wanashangaa inawezekanaje sauti ya kooni ikahamia kwenye midomo, lakini jaribu mwenyewe sasa hivi. Sema kh kama ya sheikh, ivute ndefu, alafu ukiwa unaivuta, viringisha midomo kama unapuliza jiko la mkaa linalotaka kuzima. Utasikia upepo unahama, kooni hapasikiki sana tena, kinachosikika ni upepo wa kwenye midomo, na sikio la mtoto anayejifunza lugha likiusikia linauita f. Ndo maana f ilitokea kwenye maneno yenye u au o kabla ya kh, irabu zinazokuviringisha midomo, na haikutokea kwenye "night" na "light" ambako midomo imetanuka. "Rough", "tough", "enough", "cough", "trough", "laugh", zote zimepita njia hiyo.

Kwanini basi "though" isigeuke f na "tough" igeuke? Jibu ni kwamba haikuwa nchi moja yenye mdomo mmoja. Kijiji hiki walisema f, kijiji cha pili walinyamaza, na London ilipokea watu kutoka pande zote ikaokota neno hili huku na lile kule, bila kikao na bila kanuni. Kuna sehemu walikuwa wanasema "dafter" kwa maana ya binti. "Enough" ilikuwa na mwenzake "enow" asiye na f. Na "dough", unga uliokandwa, ambayo leo ni dou, sehemu nyingine ilikuwa daf, na ikabaki mpaka leo kwenye jina la chakula cha Kiingereza, "plum duff". Ni kama sisi, Dar tunasema hivi, Mombasa hivi, Pemba hivi, alafu aje mtu achukue maneno matatu ya Pemba na matano ya Mombasa ayachanganye na ya Dar na kuyaita sanifu yote.

Ungedhani hapo yameisha, lakini wakati huo huo wa kh kufa, irabu nazo zikahama. Wasomi wanauita uhamaji mkubwa wa irabu, ulianza kama mwaka 1400 na kuendelea mpaka kama 1700. Irabu ndefu zote zilisogea mahali pake mdomoni. "House" ilikuwa huus, ikawa haus. "Time" ilikuwa tiim, ikawa taim. "Name" ilikuwa na a ya kwetu, ikawa neim. Kwa hiyo niit ikawa nait. Zile za ough ndo zikaumia zaidi kwa sababu zilikuwa na irabu tofauti tangu mwanzo, nyingine zilikuwa na o nyingine u, fupi na ndefu, na kila moja ikaenda njia yake, huku zote zimevaa sare moja ya o-u-g-h ambayo makarani walishawavisha.

Alafu katikati ya vurugu yote hiyo ndo ikaja mashine ya kuchapa. Mfanyabiashara wa Kiingereza William Caxton aliisimika Westminster, jirani na London, mwaka 1476, baada ya kuishi miaka mingi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo. Fikiria ajali ya wakati. Sauti zipo njiani zinahama, nusu ya watu wanasema kh nusu hawasemi, irabu zinasogea, na hapo hapo inakuja mashine inayochapa nakala nyingi na kuwazoesha watu kuona neno likiandikwa vile vile kila mahali. Ni kama kumpiga mtu picha ya kitambulisho akiwa anapiga chafya, na kumwambia atembee nayo maisha yake yote. Mpaka Samuel Johnson anatoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, speling nyingi zilikuwa zimeshaganda, yeye aliweka muhuri tu. Midomo iliendelea, karatasi ikabaki.

Kwa hiyo mzee wangu, F ipo hapo hapo kwenye gh. "Draught" inatokana na "draw", kuvuta, na zamani ilikuwa pia neno la kusogeza kete kwenye sataranji, ndo mchezo ukapata jina. Kh yake ikageuka f, ikasomwa draft, na hata Waingereza wenyewe kwenye kazi nyingine wakaiandika kwa f kama inavyosikika. Sisi tuliipokea mdomoni, sio kwenye karatasi, tukasikia draft tukaongeza irabu yetu mwishoni, drafti. Vivyo hivyo taiti ya kuvaa inatoka kwenye "tights", na hailaiti za mechi ni "highlights" yenye gh mbili ndani na hakuna hata moja tuliyoibeba. Hii inanifurahisha sana kila nikiifikiria, masikio ya wale waliotutangulia yalichuja herufi zilizokufa yakachukua zilizo hai peke yake. Speling ya kijiweni, drafti, ni ya kweli kuliko ile ya kwenye tangazo.

Kuna mambo watu wanayarudia mtandaoni ambayo sio kweli, na ningependa tuyaweke sawa. La kwanza ni ile ya "ghoti". Wanasema ukichukua gh ya "enough", o ya "women" na ti ya "nation" unapata neno linalosomwa fish, samaki, kwa hiyo Kiingereza hakina kanuni hata moja, na wanasema aliyebuni ni mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Shaw alipigania sana speling ibadilishwe, hilo kweli, lakini hiyo ghoti ipo kwenye barua ya mwaka 1855, mwaka ambao Shaw hajazaliwa. Na hoja yenyewe haisimami. Gh haisomwi f mwanzo wa neno, kamwe. Ikianza neno inasomwa g tu, kama "ghost", ambayo h yake inahusishwa na wachapaji waliozoea kuandika kwa Kiflemi, lugha ya huko Bruges, na "ghoul", ambayo ni neno la Kiarabu kabisa. Kwa hiyo kanuni zipo. Ni chache na zina mashimo, lakini zipo.

La pili, kwamba kila gh ni kaburi la kh. Karibu kila moja, sio zote. "Delight" ilitoka kwenye Kifaransa bila gh yoyote, watu wakaiona inafanana na "light" wakaivisha. "Hiccough" ni hivyo hivyo, mwanzo ni "hiccup", neno la kuiga mlio wa kwikwi, mtu akadhani ina uhusiano na kukohoa akaiandika kwa "cough" mwishoni, na matamshi hayakusogea hata kidogo. Hizo ni makaburi yasiyo na mtu ndani.

La tatu ndo linaloniuma zaidi, kwamba Mzungu anayajua haya kwa kuzaliwa na wewe unayekosea ni mshamba. Mwingereza anayajua maneno aliyoyasikia tangu utotoni, basi. Mpe jina la mji ambao hajawahi kuusikia naye anabahatisha kama wewe. Kuna mji unaitwa Loughborough, una ough mbili ndani ya jina moja na zinasomwa tofauti, ya kwanza ni laf na ya pili ni bra, Lafbra. Slough ni Slau. Wapenzi wa mpira nanyi mnajua, Middlesbrough ni Midlzbra, Edinburgh ni Edinbra na haina hata o, Brighton gh yake imenyamaza. Kuna watangazaji wetu wa redio wanaosema Midlzbro na wanazomewa, na Wamarekani wakifika huko wanasema hivyo hivyo.

Sasa kwa anayesoma, au ana mtoto anayesoma, usikariri neno moja moja utachoka, shika ukoo. Ukiona o-u-g-h-t, soma oot. "Bought", "brought", "thought", "fought", "sought", "ought", zote. Nyingi ni vitendo vilivyopita, kununua, kuleta, kufikiri, kupigana, kutafuta. Mkaidi unayekutana naye sana ni mmoja, "drought", ule ukame wa fundi pikipiki, ambao ni draut. A-u-g-h-t nayo ni oot, "caught", "taught", "daughter", "slaughter", isipokuwa watoto wa "laugh" kama "laughter", na hii "draught" yetu. I-g-h-t ni ait, "night", "right", "fight", "light", hapo tembea kifua mbele. Ikitanguliwa na e au a inakuwa eit, "eight", "weight", "straight", lakini "height" inakaidi na kubaki hait.

Zinazobaki ni ough zisizo na t, na hizo ndo zenye fujo, ila ni chache mno, za kila siku hazizidi kumi na tano. Za f utazimaliza kwa vidole: "rough", "tough" na "enough" zinasomwa kwa a, "cough" na "trough" kwa o. Za kunyamaza ni "though", "although" na "dough" kwa ou, "through" kwa uu, "plough" na "bough" kwa au, "thorough" na "borough" kwa a. Na "thorough" na "through" kumbe zilikuwa neno moja zamani, mmoja akavutwa mmoja akafupishwa, wakaachana, ukijua hivyo huwezi tena kuchanganya maana, kupita kitu mpaka mwisho na kufanya kitu mpaka mwisho ni wazo lile lile. Binti wa dada yangu nilimwandikia koo hizi kwenye daftari, kila ukoo ukurasa wake, na ukurasa wa f ulijaa mistari mitano tu, akaniangalia akauliza, "Mjomba, ndo hizi tu?" Ndo hizo tu. Mwaka mzima alikuwa anaogopa mistari mitano.

Swali la mwisho ambalo kila mtu anauliza, kwanini hawazifuti? Wamejaribu, tena wakubwa. Noah Webster, mtunzi wa kamusi wa Marekani, alipendekeza mwaka 1789 watu waandike "tuf", "laf", "dawter", wengi wakagoma, ila "plow" na "draft" zikapita na Wamarekani wanaziandika hivyo mpaka leo. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliamuru kiwanda cha serikali cha kuchapa kitumie orodha ya maneno 300 yaliyorahisishwa, ndani mna "tho" na "thru", magazeti yakamshambulia, bunge likakataa, na kabla mwaka haujaisha akarudi nyuma. Gazeti la Chicago Tribune lilianza kuandika "tho" na "thru" mwaka 1934 na likashikilia mpaka 1975, alafu likaacha. Shida ni kwamba ukifuta leo, mtoto wa kesho hawezi kusoma kitabu cha jana. Na ungefuata mdomo wa nani? Wa London, wa Glasgow, wa Texas, wa Lagos? Sisi tulipoandika habari tulishakubaliana na Kiunguja, wao hawana Unguja yao.

Ila pembeni, bila amri ya rais, makopo yanabadilishwa lebo. Ukifika Marekani mgahawa wa kununua chakula bila kushuka kwenye gari wameandika DRIVE-THRU kwa taa kubwa. Vijana kwenye meseji wanaandika "tho" bila kumuomba mtu ruhusa. Na lile andazi la mviringo lenye tundu katikati, ambalo kamusi zinaliandika "doughnut" kwa sababu ni donge la unga uliokandwa, ukipita supamaketi zetu hata hapa utalikuta kwenye boksi limeandikwa "donut", u na g na h zimeondoka, na hakuna mteja aliyewahi kusimama pale akauliza zimekwenda wapi.